MUULIZE MUZEE STOPA: Beki asiyefunga mabao anakula wapi?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu Johnny Oduya, beki wa hoki ya barafu ambaye baba yake ni Mkenya. Nilidhani nimejaza nafasi iliyobaki chini ya ukurasa. Kumbe Lubumbashi nzima ina ndugu Canada! Barua za mwezi huu karibu zote ni za barafu, kwa hiyo wale mlioniuliza kuhusu goti na mafuta ya kuchua mtanisubiri.

*

*Muzee Stopa, jambo sana. Mtoto wa kaka yangu yuko Montreal na wazazi wake, ana miaka 15. Huko wamemfundisha hoki ya barafu, na timu yake imemweka beki. Kaka hututumia video kwenye WhatsApp, tunaziangalia nyumba nzima huku Katuba. Kusema ukweli hatuoni anachofanya. Wenzake wanafunga, wanakumbatiana. Yeye anarudi nyuma, anasukumana na watu ukutani, kisha anaenda kukaa benchi. Wadogo zake hapa wanamcheka. Kaka anataka kumwomba kocha amhamishie mbele, anasema beki hana jina wala pesa. Mtoto hataki. Mimi shangazi yake nimeombwa niseme neno, na neno sina. Kuna mtu aliyewahi kuishi vizuri kwa kazi hiyo?*
— Mama F., komini ya Katuba

Mama F., mwacheni mtoto nyuma. Sababu ni ndefu, kwa hiyo chota maji ya kunywa, ukae.

Mtu unayemuuliza yupo, na ni huyohuyo Oduya. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, mama Mswidi, baba Mkenya. (Kenya ya Nairobi, jamani, si komini yetu ya Kenya. Kijana mmoja ameshaniandikia kuuliza kama ukoo wake unakaa karibu na uwanja wa Kibassa Maliba.) Kaka yake mkubwa, Fredrik, naye alicheza hoki. Klabu ya San Jose ilimchagua mwaka 1993, akazunguka kwenye ligi ndogo za Marekani bila kuifikia ligi kuu, na mwaka 2011 akafariki kwa ajali ya pikipiki. Kwa hiyo mdogo mtu alijua mapema kwamba kuchaguliwa ni jambo moja na kucheza ni jambo lingine.

Johnny alivuka kwenda Canada akiwa na miaka 19, akacheza ligi ya vijana ya Quebec, katika timu za Moncton na Victoriaville. Ndiyo ligi ambayo mtoto wenu ataikuta mbele yake akiendelea hivi. Mwaka 2001 klabu za NHL, ligi kuu ya huko, zilipokaa kugawana vijana, Washington ilimchukua akiwa wa 221. Hebu fikiri, Mama: majina 220 yanaitwa, wewe umekaa unasikiliza. Na Washington yenyewe haikumpa mkataba. Akarudi Sweden mikono mitupu, akacheza daraja la pili na Hammarby, akapanda Djurgården, akaenda Frölunda. New Jersey ilipomsainisha mwaka 2006 alikuwa anaigusa miaka 25. Hapa kwetu, mchezaji wa umri huo asiye na jina, wajomba tayari wanamtafutia nafasi kwenye malori ya Kasumbalesa.

Tangu siku hiyo alicheza NHL misimu 12, mechi zaidi ya 800. Mabao? Arobaini na kidogo, kwa maisha yake yote ya ligi. Ni kama bao moja katika kila mechi ishirini. Mshambuliaji mwenye hesabu hiyo hamalizi mwaka. Oduya alimaliza na vikombe viwili vya Stanley, ndicho kikombe cha bingwa wa NHL, akiwa Chicago, 2013 na 2015, na medali ya fedha ya Olimpiki ya Sochi ya 2014 akiwa na Sweden. Jina lake limechorwa kwenye kikombe pamoja na majina ya wafungaji, kwa herufi zilezile.

Na bao la kikombe cha kwanza lilianzia kwake. Tarehe 24 Juni 2013, Boston, mechi ya sita ya fainali. Chicago wako nyuma 2-1, imebaki dakika moja na sekunde chache. Bickell anasawazisha. Sekunde 17 baadaye, mashabiki wa Boston hawajakaa sawa, Oduya anapiga kutoka mbali, kule nyuma mahali pa beki. Shuti linamgusa mwenzake Frolik, linagonga mwamba, linamwangukia Dave Bolland, anasukuma ndani. 3-2, kikombe. Magazeti yakaandika Bolland, na ni haki yake. Lakini ukiirudisha video hiyo nyuma kidogo utaona ni nani aliyekuwa amesimama mahali pake wakati wengine wote wanakimbilia goli.

Sasa turudi kwenye video zenu za WhatsApp, kwa sababu naamini tatizo si mtoto. Jicho linafuata kile kidude wanachokigombania, kinachoitwa paki, na beki kazi yake kubwa anaifanya mahali ambapo paki haipo, au anaifanya ili isifike.

Kila timu ina watu sita barafuni: kipa mmoja, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Mabeki wanaingia wawili wawili, na timu ina jozi tatu kwa mechi. Mtafute mwenzake. Mtoto wenu akipanda, yule mwingine anabaki. Yule akivutwa pembeni, wenu anarudi kati. Ni kama watu wawili wanaopandisha gunia la makaa kwenye baiskeli: mmoja akiachia bila kusema, mwenzake ndiye anayeumia. Oduya miaka yake ya Chicago alicheza sana na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson, na sifa yao ilikuwa kwamba watangazaji walikuwa hawawataji. Beki akitajwa kila dakika, ujue kuna moshi.

Kisha mtazame anaporudi nyuma. Anateleza kinyumenyume, uso kwa adui, na mwendo wake unalingana na wa mtu anayemjia kwa mbele. Jaribuni ninyi, hao mnaocheka, kukimbia kinyumenyume kwenye sakafu ya sebule yenu. Halafu pimeni kwa macho nafasi aliyoiacha kati yake na mshambuliaji. Ikiwa ni urefu wa gongo lake, ile fimbo ya kuchezea, na kidogo, amefundishwa vizuri. Akisogea zaidi anapitwa, akiwa mbali zaidi anapigiwa shuti akiwa anaangalia. Mimi niliyecheza stopa miaka yote hiyo kwenye vumbi, hilo la nafasi ndilo nililolitambua mara ya kwanza nilipoona hoki kwenye televisheni, kabla sijaelewa sheria hata moja.

Na kule kusukumana ukutani kunakowasumbua, si ugomvi. Hatari yote ya mchezo huu iko katikati, mbele ya kipa. Beki anaifunga kati na kumwachia mtu njia ya pembeni, kwa makusudi. Mshambuliaji anafurahi kuona njia, anaingia, kumbe kule hakuna goli, kuna mbao. Hapo ndipo anabanwa. Baada ya kubanwa, angalia anachofanya mtoto mara paki inapokuwa yake. Beki mzuri hakai nayo. Anainua kichwa na kutoa pasi ndani ya sekunde moja au mbili, na pasi hiyo inafika kwenye gongo la mwenzake bila kuruka. Nakuomba, Mama, siku moja uhesabu pasi za namna hiyo badala ya mabao.

Kuna kazi nyingine ambayo naitaja kwa sababu wewe ni shangazi na una haki ya kujua: beki anajilaza mbele ya shuti. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, unene wa sentimita mbili na nusu, uzito kama gramu 170, na kabla ya mechi wanaigandisha ili isirukeruke. Zdeno Chara, yule jitu aliyekuwa beki wa Boston, mwaka 2012 aliipiga kwa kasi ya kilomita 175 kwa saa kwenye shindano la mashuti. Hjalmarsson niliyemtaja, mwaka 2014 katika mechi na Minnesota, ilimpata kooni. Alirudi kucheza jioni hiyohiyo, kisha akakatazwa kuongea. Kwa hiyo mtoto akisema anataka kinga mpya ya shingo, kaka yako asimwambie kwamba ya zamani bado inafaa.

Ukimpigia kaka yako, muulize jambo moja. Timu inaongoza kwa bao moja, zimebaki dakika mbili: nani yuko barafuni? Kocha anaweza kumsifia kila mtoto mbele ya wazazi, ni adabu tu. Dakika hatoi kwa adabu. Mwaka 2015 Michal Rozsival wa Chicago alivunjika kifundo cha mguu dhidi ya Minnesota, na kuanzia hapo kocha Joel Quenneville, mwenye nafasi sita za mabeki kwenye karatasi, karibu mzigo wote akawatwika wanne: Keith, Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Walifika fainali, wakawafunga Tampa Bay mechi nne kwa mbili. Duncan Keith alicheza zaidi ya dakika 30 kwa mechi, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano akapewa yeye. Beki, Mama.

Pesa, basi, maana najua ndiko kaka yako aliko. Mshahara wa chini kabisa NHL kuanzia msimu wa 2023-24 hadi 2025-26 ulikuwa dola 775,000 kwa mwaka, kabla ya kodi, na kodi ya huko haina huruma. Oduya alipotoka Chicago mwaka 2015, akiwa anakaribia miaka 34, Dallas ilimpa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni saba na nusu. Hawakumpa kwa mabao, hayakuwepo. Walimpa kwa sababu walijua watapata nini kila usiku. Ila usiisome hesabu hiyo kwa sauti mbele ya mtoto. Wengi wanaoanza na miaka 15 hawafiki huko, mbele wala nyuma, na shule isiachwe. Tangu 2025 vyuo vikuu vya Marekani vinaruhusu vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Canada kujiunga na timu zao. Zamani kijana aliyepita Quebec alifungiwa mlango huo. Kaka yako alifuatilie hilo kwa bidii kuliko kumsumbua kocha.

Na kama ukoo unataka jina la Kikongomani, lipo: Bokondji Imama, mzaliwa wa Montreal, wazazi wake watu wa Congo. Alipita ligi hiyohiyo ya Quebec na mwaka 2022 akaingia NHL na Arizona, akafunga bao. Yeye ni mtu wa mbele, nakiri linamsaidia kaka yako. Lakini Imama hakupelekwa mbele ili mabinamu wafurahi. Ndiko alikokuwa na nguvu.

Neno lako la shangazi liwe hili: mwambie mtoto kwamba umeangalia tena ile video, na umemwona. Kisha mtajie dakika gani.

*

*Muzee, ninasoma UNILU, chumbani tunaangalia hoki usiku mtu akiwa na megabaiti. Kwa nini wanatokatoka kila mara? Ni wagonjwa? Na wakipigana mbona hakuna kadi nyekundu?*
— Mwanafunzi, Kasapa

Wagonjwa hapana. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila mchezo unaposimama. Mtu anaingia barafuni anatoa nguvu zote kwa sekunde kama 45, anatoka, mwingine anaruka ukuta kuingia wakati mchezo unaendelea. Akikawia, miguu inakwisha, na miguu ikiisha ndipo anapomshika mwenzake nguo. Beki mzuri anacheza dakika 20 na zaidi katika 60, lakini amezikatakata vipande vipande. Wakikosea kuhesabu na mtu wa ziada akaingia kabla mwenzake hajatoka, timu inaadhibiwa: mmoja anakaa nje dakika mbili, wenzake wanacheza pungufu. Hapo ndipo mabeki wa aina ya Oduya wanaitwa, maana kazi ni kukaa bila kufungwa hadi dakika mbili ziishe.

Kupigana: NHL wanakupa dakika tano za kukaa kwenye kizimba, unarudi. Kwenye Olimpiki unatolewa. Mimi sipendi, na wazee wenzangu wa mpira wanaonipigia simu wakicheka ngumi hizo hawanifurahishi. Kama mnataka kuona ukabaji bila ngumi, tafuteni mechi za Nicklas Lidström wa Detroit. Misimu 20, klabu moja, kuanzia 1991 hadi 2012. Mechi 1,564, na adhabu zake zote zikijumlishwa ni dakika 514, yaani theluthi ya dakika kwa mechi. Alikuwa anamnyang'anya mtu kwa ncha ya gongo, mtu anaendelea kwenda mbele hajui ameshaibiwa. Tuzo ya beki bora wa ligi aliichukua mara saba, na vikombe vinne. Alichaguliwa wa 53 mwaka 1989, na alipoinua kikombe cha 2008 alikuwa nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kujifunza hoki Ulaya kufanya hivyo.

Halafu mlale. Mechi ya saa moja jioni ya Montreal, wakati wa baridi yao, hapa ni saa nane za usiku, na asubuhi mna mwalimu.

*

*Muzee Stopa, mji huu barafu pekee tunayoijua ni ya kuwekea samaki wa Kasenga. Acha mambo ya Wazungu, tuandikie Mazembe na Lupopo.*
— Msomaji mwenye hasira, Kampemba

Nairobi nako jua linawaka. Tangu 2005 hoteli ya Panari ina uwanja mdogo wa barafu, na humo wamezaliwa Ice Lions wa Kenya, ambao mwaka 2018 walipelekwa Canada wakavaa jezi pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa hiyo hilo la jua lisikusumbue.

Lakini umenigusa penye kidonda, kwa kuwa unajua mimi ni mtu wa Lupopo, na unataka niisifu Mazembe kwa maandishi. Haya. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe waliwafunga Internacional wa Brazil 2-0 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mtoto yeyote wa Kamalondo atakutajia wafungaji, Kabangu na Kaluyituka. Atakuonyesha hata kipa Kidiaba alivyorukaruka kwa makalio. Sasa mwulize nani alikuwa amesimama mbele ya Kidiaba kiasi kwamba akapata nafasi ya kufurahi namna ile. Ataanza kukuna kichwa. Nkulukuta kulia, Kasusula kushoto, Joël Kimwaki kati.

Kimwaki ndiye Oduya wetu. Sikumbuki mtu aliyenunua tiketi kwa ajili yake. Baadaye, mwaka 2016 kule Rwanda, ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa iliyochukua CHAN, Mali wakala 3-0 fainali. Hapo nilishangilia kwa sauti, maana jezi ilikuwa ya nchi.

Fainali ile ya 2010 Inter wa Milan walitufunga 3-0, nalisema kabla hujaniandikia tena.

*

*Muzee, jambo. Nimesikia kwamba huko klabu inaweza kumtoa mchezaji kama mali bila kumuuliza. Ni kweli? Kwenye mpira si lazima mchezaji akubali?*
— Mfanyabiashara, soko la Mzee

Ni kweli, wewe wa sokoni umesikia vizuri. Kwenye mpira wetu mchezaji lazima akubaliane na klabu inayomchukua, asiposaini haendi. NHL ni tofauti: mkataba wenyewe ndio unaohamishwa, na mtu anaufuata, isipokuwa kama alijadili mapema akaandikiwa kifungu cha kukataa. Kifungu hicho wanapewa wenye nguvu ya kukidai.

Oduya amepitia karibu kila namna. Februari 2010 New Jersey ilimtaka Ilya Kovalchuk wa Atlanta, mfungaji mkubwa kweli kweli, Mrusi. Ili kumpata ikatoa Oduya, vijana wawili, na zamu yake ya kuchagua kijana katika raundi ya kwanza. Kwa hiyo beki wetu alikuwa sehemu ya bei ya mtu mwingine. Alitoka kwenye timu inayoshinda akaenda kwenye timu inayoyumba. Mwaka uliofuata klabu nzima ya Atlanta ikahamishwa, ikawa Winnipeg, na yeye pamoja na viti vya ofisi akabebwa. Februari 2012 Chicago ikamchukua kwa kutoa zamu mbili za kuchagua vijana, raundi ya pili na ya tatu. Biashara ya chini, haikutikisa gazeti.

Wewe unajua bei, basi nipigie hesabu hii. Kovalchuk aliondoka kwenye ligi ile bila kikombe cha Stanley hata kimoja. Yule waliyemtoa ili kumpata anavyo viwili. Sisemi beki ni bora kuliko mfungaji. Kovalchuk alikuwa anafunga mabao ambayo Oduya hakuyaota. Nasema waliokuwa wanapanga bei siku ile walihesabu kilichoonekana.

Na mwisho wake ulikuwa wa kawaida ya mabeki wa namna hiyo. Dallas ikamrudisha Chicago mwaka 2017, akaenda Ottawa, na Februari 2018 Philadelphia ikamwokota kwenye orodha ya wachezaji ambao klabu zao zimewaachia. Haikufanywa sherehe ya kuaga. Lidström alipata uwanja mzima unaosimama na jezi yake kupandishwa darini. Wanaofanya kazi kama ya Oduya hupata mkoba na tiketi ya ndege.

*

*Muzee Stopa, mimi beki wa kulia, miaka 17, Ruashi. Kocha ananipanga kila mechi lakini mashabiki hawanijui hata jina. Wanasema mwezi ujao kuna watu wanakuja kutazama vijana. Nianze kupanda na kupiga mashuti ili wanione?*
— Namba 2

Mwanangu, ukisoma barua ya juu ya Mama F. utaona nusu ya jibu lako. Kocha anakupanga kila mechi: umeshaonwa na mtu mmoja anayejua.

Watu hao wakija, winga wa upande wa pili naye amesikia wanakuja. Atataka kukuonyesha. Mwache aanze yeye. Mpe njia ya pembeni, mfungie ya ndani, na ukimnyang'anya usipige mpira juu kwa hofu. Toa pasi kwa mtu, chini. Ukifanya hivyo kipindi chote cha kwanza, cha pili atahamia upande mwingine, na watazamaji wenye daftari wataandika kwamba amehama. Kupanda panda, ndiyo, lakini mwambie kwanza namba 6 akufunikie, na usipande mara mbili mfululizo kabla hujapumua. Shuti piga ukipewa nafasi, kama Oduya Boston, usiliombe.

Kwa mwezi huu uliobaki, fanya mazoezi ya mguu wa kushoto kila jioni, hata ukutani. Mabeki wengi wa kulia ninaowaona Ruashi na Kenya (komini, safari hii) wakibanwa upande wa kushoto wanampa adui mpira kama zawadi. Zungumza na kipa wako, kwa sauti, mechi nzima. Mtu anayetafuta beki anasikiliza pia. Na ulale mapema siku ya kuamkia mechi, usifuate mfano wa wanafunzi wa Kasapa.

Niandikie tarehe na uwanja. Nitakuja na kiti changu, nitakaa upande wako, na nikiona umepitwa kwa ndani nitakuita kwa sauti, usishtuke.